Tuandike Nini Katika Wasifu wa Bibi?

SWALI: Bibi yetu mzaa mama alifariki dunia mwezi uliopita hapa Nachingwea, akiacha watoto, wajukuu, vitukuu na vilembwe ambao hatujamaliza hata kuwahesabu. Ukoo umenikabidhi kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa siku ya arobaini. Kadi yake ya mpiga kura inaonyesha kuwa alizaliwa mwaka 1930, lakini mjomba anashikilia kuwa marehemu alikuwa na miaka 105 na anataka iandikwe hivyo. Mama mdogo naye hataki kabisa ndoa ya kwanza ya Bibi, iliyovunjika, itajwe. Niandike nini, na niache nini?
Mjukuu, Nachingwea

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Tuanze na umri, kwa kuwa ndio unaowagawa. Wanawake wengi wa rika la bibi yako walizaliwa bila kuandikishwa popote, na mwaka ulio kwenye kadi mara nyingi ulikadiriwa na karani mwenye foleni ndefu mbele yake. Kadi basi si msahafu, lakini miaka 105 nayo haiwezi kusimama bila ushahidi. Huko kwenu kuna matukio ambayo wazee hawayasahau: matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza yaliingia kufyeka mapori mwishoni mwa miaka ya 1940, mradi ukavunjwa mwaka 1951, na Aprili 1952 kimbunga kikapiga Lindi. Waulize waliosalia wa rika lake kama matrekta yalimkuta ameshachezwa unyago, na wakati wa kimbunga alikuwa amembeba mtoto gani mgongoni. Iwapo alikuwa mwari katika miaka hiyo ya matrekta, mwaka 1930 hauko mbali na ukweli. Iwapo yalimkuta tayari ni mama wa watoto watatu, mjomba ana hoja. Vyovyote itakavyokuwa, andika kuwa “anakadiriwa” kuzaliwa mwaka fulani, wala usiogope kwamba neno hilo litampunguzia heshima.

Linalonisumbua zaidi ni jingine. Wasifu mwingi unaosomwa misibani hutumia nusu ya muda kuorodhesha watoto na nusu iliyobaki kueleza ugonjwa wa mwisho, kana kwamba marehemu hakuwa na shughuli nyingine ila kuzaa na kuugua. Bibi yako aliishi katika nchi ya korosho, nami nina hakika kuwa kuna mtu katika ukoo huo anayekumbuka namna alivyozikaanga kwenye debe lililotobolewa, moshi ukimfukuza kila mtu isipokuwa yeye, kisha akazibangua moja moja huku amejipaka majivu vidoleni ili mafuta ya ganda yasimbabue. Andika hilo, na andika pia fedha ile ilisomesha nani. Uliza alikuwa wapi wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, aliacha mikorosho mingapi kwenye mahame, na nyumba mpya aliijenga na nani. Uliza kama alihudhuria madarasa ya kisomo, kwa maana mwaka 1975 watu wazima kote nchini walifanya mtihani wa kusoma na kuandika, na mwanamke aliyeufaulu huku ana mtoto mchanga anastahili aya nzima.

Orodha ya jamaa haina budi kuwepo, ila ifupishwe na ianzie mahali pake. Kama ninyi ni Wamwera, Wamakua au Wamakonde, ukoo wenu hufuata upande wa mama, kwa hiyo mtaje kwanza mama yake Bibi na bibi yake, kisha dada zake. Vijana waliokulia Dar es Salaam hawayajui majina hayo, na hiyo arobaini huenda ikawa nafasi yao ya mwisho ya kuyasikia kutoka kwa anayeyajua.

Kuhusu ndoa ya kwanza, mweleze mama mdogo kwa upole kuwa aibu anayoikimbia ataiongeza yeye mwenyewe. Ikiwa ndoa ile ilizaa watoto, watakuwa wamekaa palepale jamvini, wakisikiliza maisha ya mama yao yakisomwa bila baba yao kutajwa. Sentensi moja inatosha: aliolewa na fulani, wakajaliwa watoto hawa, baadaye wakaachana, akaolewa na fulani. Sababu za talaka hazimhusu msikilizaji yeyote, na adabu ya kuwataja marehemu kwa wema inazifunika.

Usizidishe kurasa mbili, kwa sababu watu watakuwa wanasubiri dua. Ukishamaliza, wasomee mjomba na mama mdogo pamoja, si kila mmoja peke yake, tena siku kadhaa kabla ya shughuli, ili atakayekuwa na neno alisemee nyumbani.