Mlimao wa kwenye ndoo: punguza maji kwanza

Pole dada. Umesema mlimao wako uko kwenye ndoo ya lita 20 barazani, unaumwagilia asubuhi na jioni, na bado majani yanageuka njano na kupukutika. Mimi naona tatizo ni hayo maji yenyewe. Mizizi ya mlimao haipendi kukaa kwenye tope; ikikosa hewa inaoza, majani yananyong'onyea kama ya mti wenye kiu, na mtu ndiyo kwanza anazidisha maji.

Chomeka kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili. Kikitoka na unyevu, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia taratibu mpaka maji yachuruzike chini. Kwa joto la Dar mwezi Januari unaweza kujikuta unamwagilia karibu kila siku. Masika, huenda wiki nzima usishike kopo.

Sasa inamisha hiyo ndoo uangalie kitakoni. Ina matundu? Yangu ilikuwa na moja tu, nalo lilizibwa na mzizi! Nikatoboa mengine sita kwa msumari wa moto. Udongo wa mfinyanzi mtupu haufai, changanya na mchanga na samadi iliyooza vizuri. Mbichi inaunguza mizizi.

Halafu, hapo barazani jua linafika? Unataka saa sita hivi kwa siku, zikizidi ni heri. Maua yakidondoka usihangaike, mlimao huangusha mengi kuliko unayobakiza.