Jibu: Je, bendi ya mita 6 imekufa?

Ndugu, umesema umesikiliza bendi hii ya redio za ridhaa, yenye mawimbi ya urefu wa kama mita 6, kwa wiki mbili na hukuambulia kitu ila mvumo. Haijakufa, imelala tu, na haina saa ya kuamka.

Megahezi 50, masafa ya bendi hii, ziko mpakani: ziko juu mno kwa ayonosfea (tabaka za juu za anga zenye chaji ya umeme) kuzirudisha ardhini kila siku, ila si juu kiasi cha kuponyoka daima. Kiangazi cha kaskazini, hasa Mei hadi Agosti, vijiwingu vyenye chaji hujikusanya kwenye tabaka la E la ayonosfea, kama kilomita 100 juu, na ghafla kituo cha umbali wa kilomita 1,500 kinaingia kana kwamba kiko chumba cha pili. Dakika kumi baadaye, kimya. Niliwahi kutoka kupokea simu. Niliporudi, skrini ilikuwa imejaa vituo na hata kimoja hakikuwa hewani tena. Nilinuna siku nzima.

Walio karibu na ikweta wana bahati yao: jioni za Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, mawimbi huvuka ikweta maelfu ya kilomita, hasa miaka ambayo jua limechangamka.

Usikimbilie kununua kikuza nguvu cha kutumia kurusha. Dipoli, yaani antena rahisi ya waya mbili, isiyofika mita 3 inatosha kuanzia. Acha redio iwashwe kwenye megahezi 50.313 kwa FT8, njia ya kutumiana ujumbe mfupi kwa kompyuta, maana siku hizi wote wamejazana hapo. Hilo ndilo linaloniudhi: wakati mwingine bendi iko wazi kabisa, naita kwa sauti kwenye 50.110, hajibu mtu.