Maswali ya Wasomaji: Ndoa, Watoto na Pombe Katika Filamu

Mhariri wa ukurasa wa filamu, salaam. Mume wangu aliacha pombe mwaka jana na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Kinachonisumbua ni kwamba nyumba haijatulia kama nilivyotarajia: tunagombana kuliko zamani, na wakati mwingine ninajiona kama mgeni kwake. Mwenzangu kazini aliniambia ipo filamu ya Kimarekani inayosimulia hali kama yangu. Ni ipi, na je, inafaa tuitazame pamoja? (Mama wa watoto wawili, Tanga)

Bila shaka mwenzako anaizungumzia *When a Man Loves a Woman*, iliyotoka mwaka 1994 na kuongozwa na Luis Mandoki. Mtakapoitazama mtakuta nafasi zimegeuzwa, kwa kuwa mnywaji humo ni mke: Alice, mshauri wa wanafunzi shuleni mjini San Francisco, anayeigizwa na Meg Ryan. Mumewe, Michael, ni rubani wa ndege za abiria, naye anaigizwa na Andy Garcia. Wana mabinti wawili. Filamu nyingi za ulevi zingeishia pale mgonjwa anapokubali kwenda kutibiwa. Hii inafika hapo mapema, baada ya Alice kulewa, kumpiga kofi binti yake mkubwa na kuangukia mlango wa kioo wa bafu, kisha inatumia muda wake mwingi kuwatazama mke na mume wanaolazimika kufahamiana upya wakiwa wote wana akili timamu.

Katika miaka yote ya ulevi wa mkewe, Michael ndiye aliyefunika aibu, aliyewatuliza watoto na kugeuza balaa kuwa mzaha ili siku ipite. Alice anaporudi kutoka kituo cha tiba, akitaka kuwakanya wanawe kwa kauli yake na kuyaamua mambo yake mwenyewe, mume anaendelea kumtangulia katika kila jambo, kwa upole na kwa nia njema kabisa, na ni upole huohuo unaomchoma mkewe. Isitoshe, kule kituoni Alice amepata marafiki wanaomwelewa kabla hajamaliza sentensi, ilhali mume aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo hana la kuchangia katika mazungumzo yao. Michael anashikwa na wivu, na wivu wenyewe hauhusu mwanamume mwingine. Anawaonea wivu watu waliomwezesha mkewe kufanya jambo ambalo yeye, pamoja na mapenzi yake yote, alishindwa kumwezesha. Kwangu mimi hapo ndipo filamu inapopata uzito wake, kuliko penye kofi na kioo kilichovunjika.

Kwa hiyo, Mama, hasira uliyo nayo si ukosefu wa shukrani. Lois Wilson, ambaye mumewe Bill alikuwa mmoja wa waasisi wawili wa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, mwaka 1935, alisimulia mwenyewe kwamba mumewe alipokuwa ameshaacha kunywa na anahudhuria mikutano yake bila kukosa, siku moja alimhimiza wafanye haraka wasichelewe, naye Lois akamrushia kiatu kwa hasira. Alikuwa amemhangaikia kwa miaka mingi ili aache, na hatimaye watu wengine wakafanikiwa kwa muda mfupi. Mwaka 1951 Lois akawa miongoni mwa walioanzisha Al-Anon, yaani vikundi vya wenza na ndugu wa walevi, na ni katika mkutano wa namna hiyo ambapo Michael wa kwenye filamu anajifunza kusema yaliyo moyoni mwake.

Itazameni pamoja, lakini tangulia kuitazama wewe peke yako. Ukimwekea mumeo na kumwambia atazame jinsi alivyokuwa, utakuwa umemfungulia kesi sebuleni. Jambo moja la kuvumilia ni kwamba familia ile ina mshahara wa rubani, na hakuna anayeuliza gharama za kituo cha tiba zinatoka wapi. Mtunzi alijirahisishia kazi hapo.

Huku kwetu mlevi wa kwenye filamu na vichekesho ni mtu wa kutuchekesha: anayumba, anaongea na mbuzi, mkewe anamsubiri mlangoni na mwiko. Mimi nimelelewa na baba mlevi na sikumbuki kicheko. Kwa nini wenzetu wa Marekani wameweza kulichukulia jambo hili kwa uzito? (Kijana wa Likoni, Mombasa)

Pole, ndugu yangu. Hata Marekani walicheka kwa muda mrefu kabla ya kuanza kutafakari. Mlevi wa kuchekesha alikuwepo tangu enzi ya filamu zisizo na sauti, na mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1945, Billy Wilder alipotoa *The Lost Weekend*, iliyozoa tuzo za Oscar ikiwamo ile ya filamu bora. Hata hivyo mhusika wake mkuu ni mwandishi asiye na mke wala watoto. Wanaoteseka kando yake ni kaka yake na mchumba wake. Suala la ndoa lilipata filamu yake kamili mwaka 1962, nayo ni *Days of Wine and Roses*.

Mwongozaji wake, Blake Edwards, alijulikana zaidi kwa vichekesho, na mwigizaji mkuu, Jack Lemmon, watu walimpenda kwa sababu hiyohiyo. Watazamaji waliingia ukumbini wakiwa tayari kucheka, na kwa muda wanapewa walichokifuata: Joe Clay, mtu wa mahusiano ya umma ambaye kazi yake ni kuwafurahisha wateja glasi ikiwa mkononi, anamfuatia karani mmoja aitwaye Kirsten, anayeigizwa na Lee Remick. Kirsten hanywi kabisa. Anachokipenda ni chokoleti. Joe anamwagizia kinywaji kikali chenye ladha ya chokoleti, nao wanacheka, na sisi tunacheka pamoja nao. Baadaye wanaoana na kupata binti. Usiku mmoja Joe anarudi amelewa na kumkuta mkewe hanywi kwa sababu ananyonyesha. Anamlaumu kwa kumwacha anywe peke yake, na mwishowe mke anakubali. Kwa tukio hilo mtazamaji anaoneshwa kwamba kile kicheko cha mwanzo kilikuwa sehemu ya maradhi, na kwamba yeye mwenyewe alishiriki.

Kuanzia hapo ngazi ni ya kushuka tu. Mume anapoteza kazi. Mke anaiunguza nyumba akiwa amelewa, mtoto yumo ndani. Wanahamia kwa baba yake Kirsten, mzee mwenye kitalu cha maua na miche, na kwa muda wanajitahidi kujizuia. Kisha usiku wa mvua, Joe, aliyeficha chupa katika mojawapo ya vyungu vya maua na kusahau ni kipi, anaingia ndani ya kitalu na kuanza kung'oa mimea kimoja baada ya kingine, akivunja vyungu na kufukua udongo kwa mikono, huku akilia kama mtoto. Jasho la mkwewe la miaka mingi linateketea kwa ajili ya chupa moja. Tazama tukio hilo hadi mwisho, kisha ujiulize ni nani aliyecheka ukumbini.

Umeuliza kwa nini wao wameweza. Sababu moja, kwa maoni yangu, ni kwamba kufikia wakati huo walikuwapo watu wengi waliopata nafuu na kuwa tayari kusimama mbele ya wengine kusimulia, hivyo waandishi wakapata mahali pa kwenda kusikiliza. Kwetu habari za baba mlevi husemwa jikoni kwa sauti ya chini. Nitaongeza jambo lililoniudhi: niliwahi kuitazama filamu nzito ya namna hii katika kibanda cha video, ikiwa imetiwa sauti ya Kiswahili na mtafsiri hodari, na kila mlevi alipoanguka mtafsiri alimpachikia utani. Watu walicheka hadi mwisho na wakaondoka wameridhika.

Je, filamu hizi zote ni za Wazungu wenye nyumba nzuri? Na je, mtoto wangu wa darasa la sita anaweza kuzitazama? (Mwalimu, Kisumu)

La, kwa maswali yote mawili. Tafuta *Once Were Warriors* ya mwaka 1994, iliyoongozwa na Lee Tamahori huko New Zealand, inayohusu familia ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wanaoishi mjini Auckland, mbali na ardhi na jamaa za mke. Jake ni hodari wa ngumi na mkarimu wa bia. Nyumba yake hujaa marafiki na nyimbo usiku, na asubuhi mkewe Beth ana uso uliovimba. Kuna siku familia nzima inavaa vizuri na kukodi gari ili kwenda kumwona mtoto wao wa kiume aliyepelekwa katika nyumba ya malezi ya watoto. Njiani Jake anasimamisha gari penye baa, aingie mara moja tu. Mke na watoto wanamngoja garini. Hawafiki kwa kijana yule.

Katika filamu nzima hakuna ngumi inayouma kuliko kungoja huko. Lakini ngumi zimo, kadhalika ubakaji wa binti na kifo chake, kwa hiyo usimwoneshe mtoto wa darasa la sita. Hata mtu mzima aliyepitia mambo hayo nyumbani kwao asiitazame akiwa peke yake usiku.

Shikamoo mhariri. Nasomea uandishi wa filamu na ninaandika mchezo, niliowatumia, kuhusu fundi seremala mlevi mwenye watoto. Mwishoni ndugu zake wanamfungia chumbani wiki nzima bila pombe, anatoka amepona, mkewe aliyeondoka anarudi, na wanafanya sherehe. Wenzangu wanasema mwisho huu ni mwepesi. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba. Wenzako wana haki, na kosa la kwanza ni la kitabibu. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi akikatishwa pombe ghafla anaweza kutetemeka mwili mzima, kupata degedege, kuona vitu visivyokuwapo, na hata kufa. Anahitaji uangalizi wa daktari, hivyo usiwafundishe watazamaji kumfungia ndugu yao chumbani. Mhusika wa *The Lost Weekend* anamwona popo akimla panya ukutani, na mambo ya namna hiyo huwapata wagonjwa kweli.

Kosa la pili ni kwamba mke wako wa kwenye mchezo anaondoka na kurudi bila sisi kumjua. Tazama *Come Back, Little Sheba* ya mwaka 1952, iliyompatia Shirley Booth tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Mume wa mhusika wake hajanywa kwa karibu mwaka mzima, na chupa ya wiski ingali ndani ya kabati la jikoni, kila mmoja anajua ilipo. Siku mke anapoitafuta na kuikuta haipo, mtazamaji anaelewa yote kabla mume hajaonekana tena. Chupa hiyo imebeba kazi ambayo wewe umeigawia kurasa nzima za mazungumzo.

Kuhusu sherehe ya mwisho, angalia walivyofanya katika *Days of Wine and Roses*: mume ameacha, mke hajakubali kwamba ni mgonjwa, naye anakuja usiku kuomba arudi nyumbani. Joe anampenda, binti yao amelala chumba cha pili, na bado anamwambia hawezi kumpokea pamoja na pombe yake. Kirsten anaondoka. Hakuna aliyekuwa mbaya katika chumba kile.

Fundi wako ana watoto, ingawa umewataja mara moja tu. Andika upya tukio la baba kurudi nyumbani, ukilitazama kwa macho ya mtoto mkubwa aliyelala macho kitandani: anaijuaje hatua ya baba aliyekunywa na ya baba ambaye hajanywa, anaficha nini, anamwamsha nani kwanza. Usiandike neno pombe popote katika tukio hilo. Ukilimaliza, litume kwetu. Kurasa tano zinatosha.