Muhtasari wa Wazee Haugeuzi Uwanja Kuwa Fremu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa miaka 26, nimezaliwa na kukulia upande wa Goba, Dar es Salaam. Mtaani kwetu kuna uwanja tunaochezea mpira tangu utotoni. Mwezi uliopita wazee wa mtaa walikaa kikao siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, wakakubaliana uwanja ujengwe fremu za biashara ili kodi yake ijenge ofisi ya serikali ya mtaa. Vijana wengi tulikuwa kazini. Tulipouliza tukaambiwa sisi ni watoto na wapangaji, hatuna ardhi, na muhtasari umeshagongwa mhuri. Kibaya zaidi, kwenye mahudhurio kuna saini za wenzetu watatu ambao wanasema walisaini kwenye kikao cha ulinzi shirikishi, si hicho. Je, jambo limeshakwisha? Sisi tusio na hati tuna haki ya kusema chochote? Kuna mtu anatuambia tukimchangia laki tatu atatutolea zuio ofisi ya ardhi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Laki tatu msizitoe. Nitamrudia huyo bwana.

Maswali ya namna hii hayakauki mezani kwangu. Leo ni uwanja, kesho ni upana wa barabara, keshokutwa makaburi ya zamani au mkondo wa maji uliozibwa kwa kifusi. Sentensi ni ileile: "mtaa umeshapitisha". Nimeisikia kwa wazee, kwa vijana, kwa madalali, hata kwa watu wenye shahada zao ukutani. Mtaa haupitishi matumizi ya ardhi. Haujawahi kuwa na mamlaka hayo, na mhuri wa mwenyekiti hauwezi kuupa.

Dar es Salaam ni mji, na katika mji mamlaka ya upangaji ni halmashauri: jiji au manispaa. Ndivyo Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007 inavyosema. Serikali ya mtaa ni jicho na sikio la halmashauri. Inaitisha wakazi, inawatambua, inathibitisha nani jirani wa nani, inapokea malalamiko na kuyapeleka kata na manispaa. Muhtasari wenye mhuri unathibitisha kwamba kikao kilifanyika na watu fulani walisema hivi na hivi. Ni ushahidi wa maoni, wala si kibali. Anayejenga fremu kwa kushika muhtasari amejenga bila kibali, sawa na aliyejenga usiku wa manane bila kumwambia mtu.

Sasa, kabla hamjawaita wazee wenu wezi, sikilizeni walikotoka. Sehemu kubwa ya pembezoni mwa jiji hili, upande wenu wa Goba, Chanika, Kigamboni, ilikuwa vijiji. Mzee aliyefika huko zamani alipewa shamba na serikali ya kijiji. Walikaa kikao, wakaandika muhtasari, wakagonga mhuri, akaenda kulima mihogo. Karatasi ile ilikuwa na nguvu, na hadi leo kwenye kijiji kilichosajiliwa halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kijiji kina hadhi hiyo. Mtaa hauna. Mji ulipowafuata, kijiji kikawa mitaa, ardhi ikawa ardhi ya jumla, na madaraka ya kupanga yakahamia manispaa. Mara nyingi hakuna aliyekwenda kuwakalisha wazee wale chini awaeleze kilichobadilika. Walibaki na daftari, mhuri na mazoea.

Kwa hiyo mzee anaposema "sisi ndio tuliogawa ardhi hapa" hadanganyi. Anaeleza sheria iliyokuwa inamhusu wakati wewe hujazaliwa. Ugomvi wenu hautakwisha kwa kumwambia hajui kitu. Utapungua siku ofisa mipangomiji wa manispaa atakaposimama mbele yenu wote na mchoro mkononi.

Na mchoro ndio swali ambalo hamjaliuliza, ingawa ndilo la kwanza. Je, uwanja huo umo kwenye mchoro wa mipangomiji ulioidhinishwa, yaani ramani inayoonyesha kila eneo limepangiwa matumizi gani? Nendeni idara ya ardhi na mipangomiji ya manispaa yenu na jina la mtaa na kata, mwombe kuona mchoro wa eneo lenu. Mchoro ulioidhinishwa si siri ya mtu.

Ukionyesha pale ni eneo la wazi au uwanja wa michezo, mna msingi imara. Kubadilisha matumizi ya eneo kama hilo kunapitia maombi rasmi, tangazo la wazi ili mwenye pingamizi alilete, wataalamu wa halmashauri, kamati ya mipangomiji ya madiwani, kisha idhini ya wizara ya ardhi. Safari hiyo haifanyiki Jumatano moja asubuhi chini ya mwembe. Na fremu zikijengwa bila safari hiyo, manispaa ikija na alama ya X ya rangi nyekundu, wa kwanza kulia ni yule mama wa duka la vipodozi aliyelipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Aliyejenga bila kibali kwenye eneo la wazi asitegemee fidia.

Ukikuta hakuna mchoro kabisa, hali ni nyingine, na hapa vijana wengi hukasirika nami. Kwenye makazi yasiyopangwa, "uwanja wetu" mara nyingi ni shamba la mtu ambaye hakuwa na haraka ya kujenga. Miaka ishirini ya kucheza mpira haiufanyi kuwa wa umma. Tafuteni kwanza nani anaumiliki. Kama ni wa mtu binafsi, si ninyi wala wazee wenye ubavu wa kuukata fremu au kuuzuia. Kinachobaki ni kuiomba manispaa, urasimishaji utakapofika kwenu, yaani kupangwa na kupimwa kwa makazi yaliyojengwa bila mpango, itenge eneo la wazi kwa makubaliano na mwenye eneo. Kama ni eneo lililoachwa tangu enzi za kijiji kwa ajili ya shughuli za wote, kumbukumbu za wazee haohao mnaogombana nao ndizo ushahidi wenu bora.

Kuhusu haki ya kusema: mkutano wa mtaa ni wa wakazi wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Sheria haikuandika wenye hati, wala wenye mvi. Mpangaji anayelala pale ni mkazi. Wewe unayeishi kwa baba yako ni mkazi. Wasichana wanaokaa watatu chumba kimoja nyuma ya duka ni wakazi. Ndiyo sifa hiyohiyo iliyowapeleka watu kwenye foleni ya uchaguzi wa serikali za mitaa Novemba 2024; haiwezekani kura yako ikubalike kumchagua mwenyekiti halafu sauti yako ikataliwe kwenye kikao anachokiongoza. Lakini uitenganishe haki hiyo na urithi. Kijana hufika ofisini na kuniambia, "mimi ni mrithi, baba hawezi kukubali barabara ipite kwenye kiwanja bila mimi kusaini". Anaweza. Baba akiwa hai, kiwanja ni chake, na mrithi si mmiliki. Penye ardhi ya umma sema kama mkazi; penye kiwanja cha baba yako, kaa naye sebuleni.

Saini za wenzenu watatu ni jambo zito kuliko mnavyolichukulia. Kuhamisha karatasi ya mahudhurio kutoka kikao kimoja na kuibandika kwenye muhtasari wa kikao kingine ni udanganyifu, na ikithibitika inaweza kufikia kosa la jinai. Mchezo huu ni wa zamani na unawezekana kwa sababu moja tu: watu husaini karatasi tupu. Inazungushwa karatasi yenye mistari, juu haina tarehe wala ajenda, kila mtu anaandika jina, namba ya simu na saini huku akiongea na jirani. Karatasi hiyo kesho inaweza kutumika kukubali chochote. Wenzenu waandike maelezo, kila mmoja yake, aseme alisaini kikao gani, siku gani. Barua ya pamoja iende kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata, diwani na mkurugenzi wa manispaa, mkiomba mkutano uitishwe upya kwa tangazo lenye ajenda iliyoandikwa, siku ya Jumapili au jioni. Hakikisheni nakala yenu imegongwa mhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na mhuri wa mapokezi haikuwahi kuandikwa.

Saa ya kikao si jambo dogo. Saa nne asubuhi ya Jumatano, nusu ya mtaa iko Kariakoo, kwenye bodaboda, viwandani au kwenye foleni ya mwendokasi. Waliobaki ni wastaafu na wenye maduka ya mlangoni. Wakikubaliana, wamekubaliana wao. Ila tusidanganyane: hata kikao cha Jumapili vijana hawaji. Watajaza kundi la WhatsApp kwa emoji za hasira hadi saa sita usiku, halafu mtendaji akipiga mbiu ya mkutano wanakuja wanne, wawili wanaondoka kabla ya mengineyo. Kundi la WhatsApp halina daftari la mahudhurio na halitambuliki popote katika mchakato huu. Mwenye hoja aje aisimamie, iandikwe kwenye muhtasari kwamba ilipingwa, na kwa sababu gani.

Hoja ya wazee nayo isibezwe. Mtaa mwingi jijini hauna ofisi. Mtendaji anafanyia kazi kwenye chumba cha kupanga au baraza la nyumba ya mwenyekiti. Huenda mchoro wenu una eneo la huduma za jamii ambalo hakuna aliyelikumbuka. Mkiwatafutia wazee eneo hilo, mtakuwa mmeleta kitu mezani kuliko kupinga tu.

Sasa yule bwana wa laki tatu. Hakuna zuio linalotolewa dirishani ofisi ya ardhi kwa mchango wa vijana. Ujenzi usio na kibali husimamishwa na halmashauri kwa ilani, na kutoa taarifa ni bure. Amri ya zuio katika mgogoro hutoka kwenye chombo cha kisheria, kama Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au mahakama, baada ya kesi kufunguliwa. Baraza la kata siku hizi kazi yake ni kusuluhisha. Na ukitaka kuishtaki halmashauri yenyewe, kuna notisi ya siku 90 kwanza, ndiyo maana ninawasukuma kwenye pingamizi la maandishi kabla ya wakili. Huyo bwana atawaletea karatasi iliyochapwa stationery yenye nembo ya bibi na bwana, mtaipeleka kwa wazee mkitamba, na mtendaji akiipeleka manispaa kuihakiki ninyi ndio mtakaojieleza polisi.

Vishoka hawa wanakula pande zote mbili za ugomvi. Kwa vijana wanauza zuio. Kwa wazee wanauza mchoro: "nipeni milioni mbili niwachoree mtaa mzima, barabara hazitagusa nyumba ya mtu". Nani atakataa? Mchoro unatoka na vichochoro vya kupita bodaboda moja, unarudishwa na manispaa, au unakaa kabatini na fedha zimekwenda. Urasimishaji halali unafanywa na halmashauri au kampuni yenye wataalamu waliosajiliwa na bodi zao, na jina la mtaalamu unaweza kulihakiki kwenye Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji kabla hamjatoa hata shilingi.

Mtaalamu wa kweli atawaambia jambo chungu: barabara inatoka kwenye viwanja vyenu, na kwa kawaida katika urasimishaji hailipiwi fidia. Hapo ndipo vizazi hugongana kwelikweli, kuliko kwenye uwanja. Mzee aliyejenga ukuta kwa kiinua mgongo chake hataki kukatwa mita moja na nusu. Mwanawe ndiye atakayeishi kwenye nyumba isiyofikiwa na gari la zimamoto, gari la maji taka wala gari la wagonjwa. Jiji hili lilihesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022, kutoka 4,364,541 mwaka 2012, na wengi wa walioongezeka hawakwenda Masaki. Wamejibana kwenye viwanja vilivyokatwa vipandevipande, kila muuzaji akimwachia mwenzake jukumu la kuacha njia. Wale wanaouza kando ya mito wameongeza balaa lao: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni, na muhtasari wa kikao cha mtaa hauyarudishi maji mtoni mvua za masika zikija.

Anzeni na mchoro wiki hii, kabla tofali la kwanza halijashushwa. Mkiupata, niandikieni tena mkitaja namba yake, mwaka ulioidhinishwa na matumizi yaliyoandikwa juu ya uwanja wenu.