Kutu imerudi chini ya mlango: nipake tena au niuze gari?

Swali: Fundi, salamu kutoka Kakamega. Nina Toyota Corolla ya 1998. Rangi ilivimba chini ya milango ya nyuma, fundi akapiga msasa, akaweka fila (uji mzito wa kusawazisha bati) na rangi. Miezi sita haijaisha, imevimba tena. Rafiki ananiambia nipulizie oili chafu chini ya gari lote. Tena likipita kwenye matuta linagonga mbele. Nifanyeje, au niliuze tu?

Jibu: Ndugu yangu, kutu hiyo haikuwahi kuondoka. Mlango huoza kuanzia ndani. Maji ya mvua hupita kwenye mpira wa kioo, hushuka ndani ya mlango, kisha hutokea kwenye vitundu vya ukingo wa chini. Vitundu hivyo vikizibwa na matope, maji hulala humo. Juzi hapa Kisumu nilizibua mlango wa Probox kwa kipande cha waya, yakatoka maji ya kahawia karibu kikombe kizima, na mvua ilikuwa haijanyesha siku tatu. Anza na waya huo, kazi ya dakika mbili.

Halafu gonga pale palipovimba kwa mpini wa bisibisi, ukimaliza sukuma kwa ncha. Ikizama, bati limekwisha: likatwe na kuchomelewa jipya, betri ikiwa imechomolewa. Bati likiwa bado gumu, lisuguliwe kwa brashi ya waya mpaka ling'ae, lipakwe dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, likauke, ndipo ije praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kushika bati), fila kidogo, na rangi. Fila hunyonya maji. Kazi yake ni kusawazisha bati lisilotoboka, na anayeziba tundu kwa fila anakuuzia miezi michache. (Nilipokuwa mwanafunzi gereji nami niliziba hivyo, mteja akarudi na mlango wake, na alikuwa na haki ya kufoka.) Mwisho pulizieni nta ya kuzuia kutu ndani ya mlango, bila kuziba vile vitundu.

Oili chafu huzuia maji kwa muda, sikatai. Lakini huharibu bushi (mipira ya kwenye maungio ya chini ya gari), hukamata vumbi, mvua huiosha mpaka mtoni, na ikigusa diski za breki utajuta. Fundi atakayelala chini ya gari hilo naye atakutoza zaidi, kwa hasira tu.

Watu wa hapa hulaumu ziwa kwa kutu, ilhali maji ya Victoria hayana chumvi ya kuiharakisha. Chumvi yenyewe, kama ipo, mara nyingi imetoka Japani: kule Hokkaido barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na gari lililotembea huko lilishuka Mombasa na kutu yake tayari.

Kwa hiyo kabla ya milango, ingia kwenye shimo la gereji, chini ya gari, na tochi. Tazama paipu za breki. Yenye magamba ya kutu ibadilishwe wiki hii hii. Kugonga huko kwa mbele mara nyingi ni bushi, linki (fimbo fupi ya kuunganisha) au boljointi (kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu). Inua gurudumu kwa jeki, weka stendi, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, ni boljointi au beringi, na hilo halingoji mshahara.

Kuuza? Choma bisibisi pale mikono ya magurudumu inapofungwa kwenye bodi. Pakiwa pagumu, litengeneze. Bisibisi ikizama hapo, usitoe hata shilingi ya rangi.