Kupanga boti ya watafiti: anza na ndoo ya tope, vitanda baadaye

Dada mleta mada, umesema mko Arusha, mmezoea kupeleka wageni mbugani, na sasa mmepata watafiti 8 wa kuzunguka nao Ziwa Tanganyika siku 10 kwa boti ya kukodi. Unauliza vitanda vikae wapi na meza za kazi zipate nafasi gani. Mimi niko Moshi, kazi yangu ni mlima, ila ziwani nimeshakwenda mara mbili na timu za kuchimba tope la chini ya maji. Ya kwanza niliboronga.

Niliboronga kwa sababu nilianza na vitanda, kama wewe. Ni akili ya kambi hiyo: mlimani hema likijaa unapiga jingine pembeni. Boti haina pembeni.

Anza na safari ya sampuli. Tope linapandishwa na winchi, ile mashine ya kuvutia kamba, huko nyuma, linaoshwa, linapimwa, linaandikwa namba, linaingia kwenye friji. Kila hatua kuna mtu ana matope hadi viwikoni. Njia yake ikipita jikoni au katikati ya magodoro, siku ya pili tu watu wataanza kununiana. Kazi za maji zikae karibu na winchi. Kompyuta na hadubini chumba kingine kikavu, mbali na injini, maana mtetemo ukiwepo hadubini haina kazi.

Safari ya pili nilimwomba mwenye boti vipimo vyote, nikaichora kwa chaki, ukubwa wake halisi, kwenye sakafu ya godauni moja hapa Majengo. Kreti za soda zikawa meza. Nikampa kijana ndoo imejaa maji, nikamwambia atoke kwenye winchi hadi kwenye friji bila kukanyaga mstari. Alimwaga mara tatu, na hapo sakafu haiyumbi! Ndipo tukagundua mlango wa kabini ukifunguliwa unaziba njia yote. Kwenye karatasi nilikuwa sijauona.

Vitanda sasa. Katikati ya boti na chini ndipo panapoyumba kidogo. Mbele kunarusha, usimlaze huko mwenye kichefuchefu. Kama winchi itafanya kazi usiku, wengine watalala mchana, hao wape pazia zito. Na hakikisha moshi wa jenereta hauingii wanapolala. Moshi ule unaua mtu usingizini, hapo msifanyiane utani. Vitanda vya deka, vya juu na chini, vinafaa, ila kila mtu awe na kitanda chake. Ukisikia mtu anasema walale kwa zamu kitanda kimoja, kataa.

Formalini, ile dawa ya kuhifadhia sampuli zisioze, ndiyo aibu yangu. Niliona uvungu wa kitanda uko wazi, nikasukumia madumu humo. Kifuniko kimoja kikalegea, na usiku wa manane mgeni akatoka mbio macho yanachuruzika. Formalini na spiriti zikae nje, kwenye sanduku lililofungwa imara, kivulini, penye hewa, mbali na jiko.

Ziwa lile lina kina hadi mita 1,470. Kifaa kikishushwa mita mia kadhaa, kushuka na kupanda vinakula muda, na watu wanasubiri huko nyuma juani. Weka turubai na benchi. Kitu kidogo, lakini wageni walikisifia kuliko chakula changu.

Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini unavuma kweli. Pigilia ukingo wa ubao kwenye kila meza, na nunua mipira ya kufungia mizigo kwa mafundi baiskeli, mingi kuliko unavyodhani. Friji iwe na betri ya akiba, maana winchi ya umeme ikianza kuvuta, taa zote zinafifia.

Niletee hapa urefu na upana wa sitaha ya nyuma, na useme mlango wa kabini unafungukia upande gani. Godauni bado lipo, chaki ninazo.