Zima moshi, acha saa ya ukutani

Wiki hii mmeuliza: filamu inaweza kuzungumzia kinachofuata baada ya kifo bila kugeuka mahubiri? Inaweza, ila si kwa moshi, kanzu nyeupe na uso uliopakwa poda. Hayo humpa mtazamaji jibu kabla hajapata muda wa kuuliza.

Tazameni Ordet ya Carl Theodor Dreyer (Denmark, 1955). Inger anafariki kwa uzazi, na mwishoni anaamka jenezani. Hakuna malaika wala radi: mikono inaanza kusogea, kisha saa ya ukutani iliyokuwa imesimama inawashwa tena. Kabla ya hapo tumekaa na familia yake karibu saa mbili, ikibishana juu ya imani. Baba mkwe anamfariji mwanawe Mikkel, mume wa Inger na asiyeamini, kwamba Inger yuko mbinguni; Mikkel anajibu kuwa hata mwili wake aliupenda. Bila jibu hilo, kuamka kwa Inger kungekuwa mazingaombwe tu. Filamu zetu humfanya mwenye shaka awe mlevi anayesubiri kuokoka, kisha tunashangaa mbona mjadala hauna uzito.

Hirokazu Kore-eda, mwongozaji wa Japani, kwenye After Life (1998), alikwepa mbingu kabisa. Marehemu wanafika kwenye jengo kuukuu, wanachagua kumbukumbu moja, na wahudumu wanaiigiza mbele ya kamera kwa mawingu ya pamba. Pamba inaonekana ni pamba, na bado inagusa.

Kwa wanaorekodi hapa Dodoma, amueni kwanza ni msiba wa nani. Maziko ya Kiislamu hufanyika haraka, mara nyingi siku hiyohiyo, kwa sanda bila jeneza. Tukio kama la Inger halikai hapo, hivyo shaka ipelekeni kwenye siku za baadaye, watu wakishatawanyika. Msiba wa Kikristo unaosubiri ndugu wa mbali unawapa usiku mzima chini ya turubai, na usiku huo ni mali.

Mchungaji au shehe na yule mwenye shaka warekodiwe kwa lenzi ileile, kamera usawa wa macho. Ukimrekodi mmoja kutoka juu, umeshamhukumu. Swali gumu likiulizwa, baki kwenye uso wa aliyeulizwa sekunde 10 hadi 15. Wahariri wengi hukata kwenye ya 4 na kuingiza kinanda. Jua la saa sita hutia giza kwenye macho, kwa hiyo nje rekodini kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na maikrofoni ivae manyoya, maana upepo wa huku hausamehe.

Ukimya nao hurekodiwa. Zima feni na friji, watu wakae palepale, chukua sekunde 60 za chumba kisicho na maneno, uziweke chini ya ukimya wa tukio. Ukifuta sauti yote wakati wa kuhariri, mtazamaji atadhani spika imekufa.